Mbio za baiskeli Mwamkulu: hesabu ya kiingilio, zawadi na ringi iliyovunjika

Anayetaka kuandaa mbio za baiskeli za mtaani katika kata ya Mwamkulu, Manispaa ya Mpanda, hahitaji mtaji mkubwa. Anahitaji barabara, filimbi, vijana wenye pumzi na mtu wa kushika fedha. Hata hivyo, hesabu ya shughuli hiyo ikipigwa hadi mwisho inaonyesha kuwa gharama kubwa kuliko zote haimo kwenye daftari la mwandaaji. Hulipwa na mwendeshaji siku ya pili yake, anapokwenda kwa fundi akiwa amebeba gurudumu begani.

Gharama hiyo ndiyo huamua kama mbio zitarudiwa mwezi unaofuata au zitakufa baada ya mara mbili. Kwa sababu hiyo inawahusu moja kwa moja wenye maduka ya vipuri, mama lishe, wauza vinywaji na mawakala wa fedha za simu, kwani wao ndio huvuna pale watu wanapokusanyika.

MSIMU NA FEDHA

Mwamkulu ni moja ya kata za manispaa hiyo zinazoishi kwa kilimo, na zao lake kubwa ni mpunga. Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa, hupata msimu mmoja wa mvua unaoanza karibu na Novemba na kumalizika Aprili. Mavuno ya mpunga huwa kati ya Mei na Julai. Katika miezi hiyo mambo mawili hutokea kwa pamoja: barabara hukauka na fedha huingia mikononi mwa wakulima.

Huo pia ndio wakati wa ngoma na mashindano kwa watu wenye asili ya Usukuma, ambao wamehamia Katavi kwa wingi pamoja na mifugo yao. Kwao kushindana baada ya mavuno si jambo la kufundishwa. Wagika na Wagalu wamekuwa wakishindana kwa ngoma huko Usukumani vizazi na vizazi, kila upande ukijaribu kuuvuta umati wa mwenzake. Mbio za baiskeli nazo zimekuwa sehemu ya sherehe na maonyesho katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Simiyu. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya simu ya Vodacom ilidhamini mbio kubwa za Mwanza zilizokuwa pia na madaraja ya wanawake na ya watu wenye ulemavu.

Mbio za mtaani ni kitu kingine. Hazina kampuni nyuma yake wala jukwaa la wageni rasmi. Huandaliwa na vijana wenyewe, pengine pamoja na fundi baiskeli na mwenye duka, na zawadi hutokana na kile kilichochangwa. Udhaifu wake wote na nguvu yake yote vimo katika mchango huo.

BAISKELI NI KITENDEA KAZI

Baiskeli inayoingia katika mbio za namna hii haikununuliwa kwa ajili ya michezo. Ni ile nzito isiyo na giya, yenye keria ya chuma nyuma, inayobeba gunia la mpunga, mkaa, madumu ya maji na abiria. Wanunuzi wa Tanzania wameijua kwa majina mengi: Raleigh ya Nottingham, Phoenix ya Shanghai, Avon na Hero za Ludhiana, na Swala iliyotengenezwa Dar es Salaam wakati viwanda vya umma vilipokuwa bado vinafanya kazi.

Wafanyabiashara wa umri mkubwa wanakumbuka ilivyokuwa adimu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Serikali iliporuhusu mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa wenyewe, baiskeli zilirudi madukani, na kwa mkulima aliyepata bei nzuri zikawa miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa. Katika Shinyanga na miji mingine ya ukanda huo ilizaliwa kazi kamili ya kubeba abiria kwa baiskeli, na waendeshaji wakaitwa daladala.

Kazi hiyo ilipata pigo pikipiki za bei nafuu kutoka China zilipoenea, na hasa baada ya kanuni za mwaka 2010 kuzitambua rasmi pikipiki za kubeba abiria. Mwenye baiskeli alibaki na mizigo midogo na safari fupi ambazo bodaboda haioni faida yake. Kipato chake ni chembamba, na akikosa baiskeli kwa siku mbili, siku hizo mbili hana kipato.

Mtu huyo ndiye anayealikwa kushindana kwa kasi, bega kwa bega na wenzake 40, katika barabara yenye mashimo.

HESABU YA MFANO

Chukua mbio za waendeshaji 40, kila mmoja akilipa kiingilio cha Sh. 3,000. Tarakimu hizi ni za mfano tu, na kila mwandaaji ataweka bei za eneo lake. Kiingilio kinaleta Sh. 120,000. Wauzaji 10 wa vyakula na vinywaji wakichangia Sh. 2,000 kila mmoja kwa nafasi ya kuweka meza, zinaongezeka Sh. 20,000. Jumla ni Sh. 140,000.

Matumizi ni haya: maji ya kunywa Sh. 20,000, kukodi spika na kipaza sauti Sh. 25,000, sanduku la huduma ya kwanza Sh. 15,000; namba za kifuani, rangi na kamba Sh. 10,000. Hizo ni Sh. 70,000. Zinabaki Sh. 70,000 za zawadi.

Hapo waandaaji wengi wangesimama na kusema hesabu imefunga. Lakini mwendeshaji naye ana daftari lake. Tuseme ringi mpya ni Sh. 15,000, na siku moja ya kazi humpa Sh. 8,000. Ringi ikipinda asiweze kufanya kazi siku moja, amepoteza Sh. 23,000. Kati ya watu 40, wanne tu wakipata ajali hiyo, hasara yao ni Sh. 92,000. Mfuko wote wa zawadi ulikuwa Sh. 70,000.

Kwa maneno mengine, waendeshaji kama kundi wamerudi nyumbani wakiwa maskini kuliko walivyokuja, ingawa kuna mmoja aliyebebwa juu juu na kupigiwa vigelegele. Wale wanne hawatarudi. Marafiki zao waliowaona wakivuta baiskeli mbovu hadi nyumbani watafikiri mara mbili. Mwezi unaofuata washiriki ni 25, kiingilio kinashuka hadi Sh. 75,000, huku spika na sanduku la dawa vikibaki na bei ileile. Mwezi wa tatu hakuna mbio.

ZAWADI IGAWANYWE VIPI

Kosa la pili ni kumpa mshindi wa kwanza donge lote. Kitita kikubwa huvutia macho, lakini katika kata moja watu wanafahamiana. Baada ya mbio mbili kila mtu anajua nani mwenye miguu. Akishinda mara ya tatu, wengine watajiona wanamchangia yeye.

Mgawo unaofaa zaidi kwa Sh. 70,000 ungekuwa Sh. 20,000 kwa wa kwanza, Sh. 14,000 kwa wa pili, Sh. 10,000 kwa wa tatu, na Sh. 4,000 kwa kila mmoja kuanzia wa nne hadi wa nane. Hizo ni Sh. 64,000, na Sh. 6,000 zinabaki kama akiba ya mbio zijazo. Mtu wa nane amerudishiwa kiingilio chake na Sh. 1,000 juu. Ushindani hauishi watatu wa mbele wanapopotea machoni, kwa kuwa hata nafasi ya nane ina thamani.

Mgawo huu unasaidia, lakini hauwagusi waliovunja ringi. Fedha ya kuwalinda hao haiwezi kutoka katika kiingilio. Lazima itoke kwa anayefaidika na mbio bila kukanyaga pedali.

FUNZO LA MWAKA 1903

Mbio za baiskeli zenye jina kubwa kuliko zote duniani zilianza kwa tatizo hilohilo. Mwaka 1903 gazeti la michezo la L'Auto la Ufaransa, likiongozwa na Henri Desgrange, lilitangaza mbio za kuizunguka nchi ili kuuza nakala nyingi kuliko mshindani wake. Kiingilio kilikuwa faranga 20 na mbio zilipangwa kuchukua wiki tano. Waliojiandikisha walikuwa 15 tu.

Desgrange alirudi mezani. Alipunguza muda hadi siku 19, akakata kiingilio hadi faranga 10, na akaahidi posho ya kila siku kwa waendeshaji ambao wangedumisha mwendo uliowekwa, posho iliyolingana na kile ambacho mtu angepata kwa siku kiwandani. Julai 1 wakaanza waendeshaji 60. Waliomaliza walikuwa 21, na mshindi alikuwa Maurice Garin. Mauzo ya gazeti yalipanda kutoka nakala kama 25,000 hadi 65,000.

Mfanyabiashara ataona mambo mawili hapo. Kwanza, waendeshaji walikuja pale siku yao ya kazi ilipofidiwa, kwa kuwa zawadi ya mshindi peke yake isingeweza kumlisha mtu wa thelathini. Pili, aliyelipa ni yule aliyekuwa na bidhaa ya kuuza.

NANI MWENYE BIDHAA MWAMKULU

Katika mbio za mtaani mwenye bidhaa ni muuza vipuri. Akitoa ringi nne za Sh. 15,000, ametoa vitu vya Sh. 60,000 kwa bei ya duka. Lakini kama yeye alizinunua kwa jumla kwa Sh. 11,000, gharama yake halisi ni Sh. 44,000. Kwa faida ya Sh. 4,000 kwa kila ringi, anahitaji kuuza ringi 11 za ziada ili arudishe fedha yake, au mchanganyiko wa tairi, tyubu, spoki, minyororo na gololi wenye faida hiyo. Mbele yake siku hiyo wapo waendeshaji 40 na mamia ya wenye baiskeli waliokuja kutazama, wote wakimwona fundi akifunga ringi kutoka duka lake.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Fundi mmoja huketi kwenye mstari wa kumalizia akiwa na spana, viraka na zile ringi nne. Atakayevunja ringi ndani ya mbio hufungiwa nyingine bila malipo, na jina lake huandikwa. Ringi isiyotumika hubaki kwa mwenye duka hadi mbio zijazo. Kwa njia hiyo mtoaji hatoi zaidi ya kilichohitajika, na mwendeshaji hupoteza saa moja badala ya kupoteza siku na fedha ya ringi.

Wauza vyakula nao hufaidika zaidi au kidogo kutegemea njia iliyochorwa. Mbio za kwenda na kurudi huwapeleka waendeshaji mbali kwa muda mrefu. Watazamaji hutawanyika, na huko porini hakuna anayejua nani amekata njia. Mzunguko wa kilomita 3 unaorudiwa mara nane ni kilomita 24 zilezile, lakini watu huona baiskeli zikipita mara nane, na hakuna anayeondoka mbele ya meza ya chai na mihogo. Mwandaaji anayeomba Sh. 2,000 kwa kila meza atajibiwa kwa urahisi zaidi akionyesha mchoro wa mzunguko.

MFUKO NA MASHAHIDI

Michango ikishakusanywa, swali linalobaki ni nani ameshika fedha. Mbio nyingi za mtaani huharibikia hapo hata kama kila kitu kingine kilikwenda sawa. Zawadi iliyotangazwa inapopungua jioni, mwandaaji amepoteza kitu ambacho hawezi kukikopa popote.

Njia ya kuaminika ni ya zamani: fedha ihesabiwe hadharani kabla ya filimbi. Watu watatu wasiokimbia wala wasio ndugu wa wakimbiaji waishuhudie, mmoja wao akiwa mwenyekiti wa mtaa au mzee anayeheshimika. Malipo kwa simu yamerahisisha kazi hii, kwa kuwa kila kiingilio huacha ujumbe wenye jina na kiasi, na karani anaweza kuulinganisha na orodha ya namba za kifuani. Baada ya zawadi kutolewa, mapato na matumizi yasomwe kwenye kipaza sauti kabla watu hawajaondoka. Ni dakika tano tu.

Waamuzi nao ni sehemu ya mfuko huo wa uaminifu. Mwaka 1904, mbio za pili za L'Auto zilipomalizika, malalamiko ya udanganyifu yalikuwa mengi kiasi kwamba chama cha baiskeli cha Ufaransa kiliwafutia matokeo wanne wa kwanza, Garin akiwa mmoja wao. Kama gazeti lenye fedha lilishindwa kulinda barabara zake, mwandaaji wa mtaani asitegemee bahati. Karani mmoja kwa kila waendeshaji 10, mwenye karatasi ya kuhesabu mizunguko, anatosha kwa mzunguko mfupi.

Kamari ni hatari ya aina nyingine. Japani ilianza mwaka 1948 mbio za uwanjani zinazoitwa keirin, ambazo watu huziwekea dau kwa mujibu wa sheria, na mapato yake yalisaidia serikali za mitaa baada ya vita. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na bodi yake ya kusimamia. Mwandaaji asiye na leseni anayekusanya dau za watazamaji anajitafutia kesi, na pia anampa mwendeshaji hodari sababu ya kujiangusha kwa makusudi.

KANUNI NA KIBALI

Kanuni moja inaweza kuokoa mbio nzima: daraja la baiskeli za kazi liwe la baiskeli za kazi. Keria ibaki, giya zisiwepo. Bila kanuni hiyo vijana watang'oa keria na madigadi ili wapunguze uzito, na mwenye baiskeli nyepesi ya giya kutoka mjini atakuja kuzoa zawadi na kuondoka nazo. Wenye giya wapewe daraja lao, kiingilio chao na zawadi yao. Daraja la wanawake likiwekwa kwenye mzunguko uleule, gharama ya spika, dawa na waamuzi haiongezeki.

Kibali kiombwe mapema kwa mtendaji wa kata na polisi wa usalama barabarani, na afisa michezo wa manispaa ajulishwe. Mashindano yanayotaka kutambuliwa rasmi yanapitia Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA, na vyama vya michezo viko chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Barabara kuu yenye malori iepukwe. Kwenye kila njia panda awepo mtu wa kuzuia bodaboda, na wenye mifugo waambiwe saa ya mbio, kwa kuwa kundi la ng'ombe likivuka mbele ya baiskeli 40 zenye mwendo, sanduku la Sh. 15,000 halitatosha.

MBIO NDOGO HUZAA KUBWA

Wanaodhani hii ni michezo ya kupotezea muda waangalie majirani. Mjini Asmara, mbio za baiskeli katika mitaa ya mji ni desturi ya miaka mingi, na Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu na jezi ya kijani katika Tour de France ya 2024. Nchini Kenya, David Kinjah alikuwa akiwafundisha vijana kijijini kwake Kikuyu; mmoja wao, Chris Froome, alishinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Rwanda ilianza Tour du Rwanda mwaka 1988, na Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kupokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani.

Mwamkulu haihitaji kufikiria mbali kiasi hicho. Kwa mwekezaji mdogo, mbio moja ya waendeshaji 40 si biashara. Mbio nne kati ya Juni na Septemba, zenye washiriki walewale au zaidi, zinaanza kuwa biashara, kwa kuwa spika hukodiwa kwa mkataba, sanduku la dawa hujazwa badala ya kununuliwa upya, na namba za kifuani hutumika tena.

Wenye maduka ya vipuri Mpanda wanaotaka kuingia katika mpango wa aina hii waagize ringi na spoki kabla ya mavuno kuanza, wakubaliane na fundi anayeaminika, na waombe kuonyeshwa orodha ya mashahidi wa mfuko kabla ya kutoa ringi hata moja. Mwandaaji asiye na orodha hiyo aambiwe arudi akiwa nayo.